Minikabu haimpakii anayepunga mkono

Nimechoka kuisikia hoja hii: "Beji ya halmashauri ninayo, gari lina plati, bima nalipa kila mwezi. Nikimkuta mtu kasimama kwenye mvua saa nane usiku, nikampakia, kosa liko wapi?" Naisikia kwa madereva wapya, naisikia kwa waliozeeka barabarani, na wiki hii imeletwa tena na kijana ambaye sasa anasubiri barua ya mahakama. Kazi yangu ni leseni za teksi katika halmashauri moja ya England: beji ni leseni ya dereva, plati ni ya gari. Waswahili wengi huku wanaendesha minikabu, yaani gari la abiria linaloagizwa kabla ya safari, na wengi wanafundishana jambo hili kimakosa.

Leseni ziko za aina mbili, na si daraja la chini na la juu la kitu kimoja. Teksi inatawaliwa na sheria ya 1847, iliyotungwa enzi za magari ya farasi. Minikabu ina sheria ya 1976. Nazungumzia England na Wales nje ya London; London iko chini ya TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, na ina sheria zake, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilevile, na Plymouth nayo ina sheria yake peke yake ya 1975. Ukifanya kazi huko, soma za huko.

Ndani ya mipaka ya halmashauri iliyoipa plati, teksi inaruhusiwa kukaa kwenye kituo cha teksi, kusimamishwa kwa mkono, na kuzunguka ikisaka abiria. Minikabu hairuhusiwi hata kimoja kati ya hayo. Maisha yake yote ni oda: abiria anaagiza kwa oparata mwenye leseni, yaani ofisi au kampuni inayopokea oda, oparata anaiandika oda kabla ya safari kuanza, kisha anatuma gari. Bila oda hiyo, mbele ya sheria kazi yako usiku huo si ya minikabu. Unaendesha teksi isiyo na leseni, na faini yake inaweza kufika pauni 2,500.

Najua madereva wengi huuona huu kuwa upendeleo kwa wenye teksi. Lakini haki ile ya barabara mwenye teksi anailipia. Halmashauri ndiyo inayompangia nauli ya juu kabisa, wakati oparata wa minikabu anajipangia bei atakavyo. Teksi iliyo kituoni ikikataa safari ya ndani ya wilaya bila sababu ya maana, dereva ametenda kosa. London dereva wa teksi anakariri mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya jiji, kabla ya kupewa beji ya kijani, ile ya teksi ya London nzima. Hakuna aliyemtaka dereva wa minikabu afanye hivyo, kwa sababu sheria haikumkusudia kwa mtu anayesimamisha gari asilolijua.

Na hilo la kutojua gari ndilo linalonikera madereva wanapolipuuza. Oda ni kumbukumbu. Binti akiagiza gari, kuna mahali palipoandikwa jina lake, saa, alikochukuliwa, gari gani, dereva nani. Asipofika nyumbani, polisi wana pa kuanzia. Ukimpakia kando ya barabara, hakuna anayejua kwamba aliwahi kupanda gari lako. Ripoti za 2014 na 2015 kuhusu mji wa Rotherham zilionyesha madereva wa teksi walivyohusishwa na unyanyasaji wa watoto, na jinsi halmashauri ilivyoshindwa kusimamia leseni zake. Baada ya hapo usinitarajie nikuelewe kwa kusema "nilitaka kumsaidia tu". Wewe unaweza kuwa mwema kabisa. Abiria hana namna ya kulijua hilo, nami pia sina.

Kisha bima. Bima ya kawaida ya minikabu inahusu safari zilizoagizwa. Safari isiyo na oda haimo, kwa hiyo kosa moja linazaa la pili: kuendesha bila bima, pointi 6 hadi 8 za adhabu kwenye leseni yako ya udereva. Mara nyingi hili la pili ndilo linalomwangusha mtu kuliko faini yenyewe. Wengi huja kwangu wakidhani wameshtakiwa mara mbili kwa chuki. Hapana, ni makosa mawili kweli.

Hapa wajanja hunijia na dawa yao: "Basi namwambia abiria apige simu ofisini palepale. Au namwingiza kwenye mfumo mwenyewe." Tuyatenganishe. Ukimwingiza mwenyewe, hakuna oda hapo. Beji yako ni ya kuendesha, siyo ya kupokea oda. Leseni ya oparata ni nyingine, na kufanya kazi ya oparata bila leseni hiyo ni kosa linalojitegemea. Hata ukipiga simu ofisini ukasema "niandikieni mteja ninaye hapa", umeshafanya makubaliano na abiria kabla ya oparata kujua lolote. Ofisi inaandika kilichokwisha kutokea.

Abiria akipiga mwenyewe hali ni tofauti. Ameongea na oparata, oparata amekubali, ameandika, ameamua yeye nani aende, na ikatokea gari lililo karibu ni lako. Oda ipo. Lakini bado kuna swali jingine: dakika tano kabla, gari lako lilikuwa linafanya nini? Kosa la kusaka abiria halisubiri safari. Kama ulijipanga mlangoni mwa klabu, taa za ndani zimewaka, ukijionyesha kuwa uko tayari, mahakama inaweza kukuta kosa lilishatimia kabla simu haijapigwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Mtu akigonga kioo, mpe namba ya oparata, funga kioo, sogeza gari. Kama unamwonea huruma kwa sababu ni usiku, kaa mbali kidogo uone kama gari lake limefika. Hakuna sheria inayokukataza hilo.

Nikiri jambo ambalo kwenye mafunzo ya maafisa wenzangu hupitwa harakaharaka. Sheria haielezi popote kusaka abiria ni kufanya nini hasa. Tangu 1847, mahakama ndizo zinazoamua kesi kwa kesi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyoletwa na Halmashauri ya Reading, kwamba dereva aliyeegesha pembeni akisubiri oda kupitia programu ya simu hakuwa anasaka abiria, ingawa gari lake lilionekana kwenye ramani za simu za watu. Mantiki ya hukumu ile naikubali, maana hakuna aliyeweza kupanda bila kuagiza. Lakini nikisimama mtaani Ijumaa usiku sioni kwa macho tofauti kati ya dereva yule na mwenzake anayewinda. Tofauti inajitokeza mtu akigonga kioo. Ndiyo maana tunatuma maafisa wanaojifanya abiria. Sipendi sana njia hiyo. Mwindaji mzoefu ananusa mtego mapema, na anayenaswa mara nyingi ni mgeni wa kazi ambaye hakufundishwa vizuri. Njia bora kuliko hiyo sijaiona, kwa hiyo tunaendelea nayo.

Jambo jingine linalochanganywa na hili ni plati za mbali. Abiria hulalamika: "Gari la Wolverhampton linafanya nini Manchester? Mkamateni." Kama dereva, gari na oparata wote wana leseni ya halmashauri moja, na safari imeagizwa kwa oparata huyo, gari linaweza kuifanya popote England na Wales. Na tangu 2015 oparata anaweza kumpasia oda oparata wa wilaya nyingine, aitimize kwa magari na madereva wa huko. Wolverhampton inatoa leseni nyingi kupita mahitaji ya mji wake, na madereva wanaofuata leseni huko hawavunji sheria. Mimi binafsi naona mpangilio huu ni mbaya. Gari la wenzetu likifanya kazi mjini kwangu, kwa kawaida sina mamlaka ya kulikagua wala kuisimamisha leseni yake. Dereva wake akipakia bila oda naweza kumshtaki. Zaidi ya hapo, nikiwa na wasiwasi mzito kuhusu usalama, napaswa kuiandikia halmashauri yake ndani ya siku 10 za kazi, nayo inajibu ndani ya siku 20 za kazi. Katika ripoti yake ya Juni 2025 kuhusu unyanyasaji wa watoto unaofanywa na magenge, Baroness Casey aliitaka serikali iuzibe mwanya huu, nami namuunga mkono kwa moyo wote. Ila asije dereva akasema kwamba kwa kuwa plati yake inatembea nchi nzima, basi na barabara za nchi nzima ni zake. Oda ndiyo inayotembea.

Kwa haraka, kwa kuwa naulizwa pia: nje ya London gari likishapewa plati ya minikabu ni minikabu muda wote, hata likienda sokoni. Mkeo asiye na beji asiliendeshe. Mahakama ililiamua hilo mwaka 1997.

Sasa, umeshikwa. Usije mbele ya kamati ya leseni ukitegemea kusema una watoto wanne na kodi ya nyumba. Najua ni kweli, na inauma kuisikia, lakini katika kesi ya Leeds ya 2002 Mahakama Kuu ilisema riziki ya dereva haiingii kwenye swali la kama anafaa kubeba abiria. Kinachosikilizwa ni kingine: ulielewa kosa lako, umebadilisha nini, oparata wako anasema nini kukuhusu. Ukidanganya kwamba oda ilikuwepo, rekodi za oparata zitaletwa mezani, na hapo kosa la usiku mmoja linageuka kuwa suala la uaminifu, ambalo lina uzito zaidi.

Wakikunyang'anya beji una siku 21 za kukata rufaa katika mahakama ya mahakimu, tangu ulipoarifiwa. Soma barua kwa makini. Ikisema uamuzi unaanza mara moja kwa sababu za usalama, huruhusiwi kuendesha minikabu hata kama umekata rufaa. Isiposema hivyo, unaendelea na kazi mpaka rufaa isikilizwe, kwa oda zilizopita kwa oparata tu.