Vikombe viwili na kunde nne

Mama mmoja wa Pongwe alinihesabia watoto wake kwa vidole. Wa kwanza ana sikoseli. Wa pili mzima, wa tatu mzima. "Kliniki waliniambia ni mmoja kati ya wanne," akasema, mkono juu ya tumbo la miezi saba, "basi huyu sina wasiwasi naye. Wa kuumwa nilishampata."

Katika kazi yangu ya kuchunguza magonjwa ya damu ya kurithi hapa Tanga, hakuna maneno tunayoyatoa yakaeleweka visivyo kuliko hayo, "mmoja kati ya wanne". Watu huyasikia kama zamu kisimani: akishachota mmoja, wengine watatu wamesalimika. Ndiyo maana mezani kwangu, pembeni ya hadubini, pana vikombe viwili vya plastiki na kunde nne. Kikombe cha baba kina kunde moja nyeupe na moja nyekundu. Cha mama hivyo hivyo. Fumba macho, toa moja huku na moja kule, huyo ndiye mtoto. Nyeupe mbili, hana kitu. Nyeupe na nyekundu, ni mbebaji kama wazazi wake. Nyekundu mbili, ana selimundu, ndiyo hiyo sikoseli. Kisha, na hapa ndipo kiini cha mambo, rudisha kunde vikombeni kabla ya kutoa tena. Vikombe havikumbuki nani alizaliwa jana.

Mama wa Pongwe alitoa mara sita. Mara mbili mfululizo zikatoka nyekundu mbili. Akaniangalia kama mtu aliyefanyiwa kiini macho.

Kunde nyekundu yenyewe ni kosa dogo mno. Kwenye kromosomu ya 11, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi, kuna maelekezo ya kutengeneza mnyororo mmoja wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Mnyororo huo una asidi amino 146, ndizo matofali yake, na kwa mwenye selimundu imebadilika moja tu, ya sita. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha ni tofali lipi limebadilishwa. Tofali hilo moja linafanya himoglobini ishikane na kuwa vijiti pale inapoachia oksijeni, na chembe nyekundu iliyokuwa laini inajikunja kama mundu wa kukatia majani.

Hesabu ya kunde huwa haichukui muda. Kinachochukua muda ni kumtafuta mkosaji. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake, na kabla sijamaliza kumwamkia akanikata: "Mwanangu, kwetu ugonjwa huu haupo. Umeingia na huyu mkwe." Nikamwambia, bibi, kunde nyekundu mbili haziwezi kutoka kikombe kimoja. Alinyamaza kwa muda mrefu. Mkwe naye alikuwa anaangalia sakafu, lakini niliona mabega yake yakishuka.

Na lipo jibu ambalo sijalizoea mpaka leo: mtoto ana selimundu, baba anapima hana. Kabla sijawaza lolote kuhusu nani ni baba, narudia kipimo. Lebo za chupa hubadilishana, mtu aliyeongezewa damu majuzi huwa amebeba damu ya mwenzake, na kuna talasemia ya beta, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini, ambayo kipimo chepesi hakiioni, na mtoto aliyeirithi kwa baba na selimundu kwa mama anaweza kuonekana ana selimundu tupu. Na kwa sababu wakati mwingine jibu linabaki lile lile, familia husaini mwanzoni kwamba majibu ya kila mzazi ni siri yake mwenyewe. Anayeniletea hoja kwamba "ukweli usemwe tu" hajawahi kukaa kwenye kile chumba.

Mbona kosa hili limeenea hivi? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Hapa kwetu huhitaji kusafiri mbali kuielewa hoja yake. Panda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto: mbu wa malaria wanapungua kadiri unavyopanda, na damu za wenyeji nazo zinabadilika. Tafiti za mkoa huu zimeonyesha jambo hilo hilo kwa talasemia ya alfa, ndugu wa ile ya beta, ambayo nayo hukinga dhidi ya malaria kali: ni nyingi vijiji vya bondeni na chache milimani. Mimi mwenyewe ni mbebaji wa selimundu. Niligundua nikiwa mwanafunzi, siku tulipoambiwa kila mmoja ajitoe damu ya kujifunzia, na kwa wiki nzima nilitembea nikiringa kama niliyepewa hirizi. Baadaye nikasoma matokeo ya Kilifi, jirani zetu ng'ambo ya mpaka, yaliyochapishwa 2005: mtu akirithi vyote viwili, selimundu ya ubebaji na talasemia ya alfa, kinga zile mbili zinauana. Majivuno yakaisha.

Talasemia hii ya alfa ina kero yake ndogo ambayo madaktari wenzangu naomba mnisikilize. Inafanya chembe nyekundu ziwe ndogo, na mashine huandika "ndogo". Basi mtoto anapewa dawa ya madini ya chuma mwezi, miezi mitatu, mwaka, na chembe zinabaki vile vile kwa sababu chuma hakikupungua tangu mwanzo. Pimeni feritini kwanza, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini.

Lakini nikiulizwa ugonjwa unakaa wapi, sisemi kwenye damu. Nasema kwenye mfupa, kwa kuwa uboho ulio ndani yake ndio kiwanda cha damu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu, siku 10 hadi 20. Kiwanda kinalazimika kufanya kazi usiku na mchana, na uboho unapanuka mpaka paji la uso na mashavu ya mtoto yanabadilika. Kuna kirusi kinachoitwa parvo B19. Kikimwingia mtoto asiye na selimundu, kinasimamisha utengenezaji wa chembe nyekundu kwa wiki moja hivi na wala mama hajui, kwani ghala limejaa chembe za miezi minne. Kwa mwenye selimundu ghala ni la siku chache tu. Jumatatu mtoto anacheza, Ijumaa viganja vimekuwa vyeupe kama unga na anahema. Homa na weupe wa ghafla visisubiri asubuhi.

Dawa ya haidroksiurea imesaidia sana, kwa kuuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga, ile ile inayomlinda mtoto miezi yake ya kwanza. Kuponya kabisa kwa njia ya kubadilisha uboho sasa kunafanyika nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu.

Mama wa Pongwe alisikia habari hiyo redioni. Akarudi. "Hawa wawili wazima, wanaweza kumpa kaka yao?" Nikavuta tena vikombe. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hulingana kikamilifu kwa nafasi ileile, moja kati ya nne kwa kila mmoja, ila alama za kulingana, ambazo mwili hutumia kutambua kilicho chake, ziko kromosomu ya 6, mbali na za selimundu, kwa hiyo ni mchezo mwingine. Kunde za rangi mbili hazikutosha. Kila mzazi ana alama zake mbili. Nikaongeza choroko, njugu na mahindi. Akaangalia meza, akacheka: "Haya sasa ni makande."

Mtoto wake wa nne, wa kike, amezaliwa wiki iliyopita. Tulimtoboa kisigino, matone matatu kwenye karatasi ya chujio. Karatasi inakauka kwenye rafu ya juu kabisa, miguu ya rafu imesimama ndani ya makopo ya maji, maana sisimizi wa Tanga wanapenda damu kuliko sukari.