Dampu (faili la nakala ya databesi) imeingia. Imeingia nini?

Kanipigia tena kijana wa TEHAMA wa SACCOS moja hapa Mbeya: "Kaka, bakapu nimeirudisha kwenye seva mpya. Ilikuwa inagoma, nikaweka --force ikapita." Ikapita! (--force huiambia programu ya kurudishia data ya MySQL, mfumo wa databesi, isisimame hata ikikuta kosa.) Haya, leo tulimalize hili.

Ya haraka kwanza. Usipoiambia mysqldump, programu inayotengeneza dampu, --routines na --events, haibebi prosija (programu ndogo zilizohifadhiwa ndani ya databesi) wala matukio yaliyopangwa. Triga (amri zinazojiendesha data ya jedwali ikibadilika) inazibeba yenyewe. Watumiaji na nywila zao hawamo kwenye dampu ya databesi moja. Ukitoka Windows kwenda Linux, Wanachama na wanachama ni majedwali mawili tofauti, na kwenye MySQL 8.0 lower_case_table_names, mpangilio wa herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya majedwali, huwekwa seva inapoandaliwa mara ya kwanza kabisa tu, ukichelewa umechelewa.

Sasa hiyo --force. Seva ya zamani ni MySQL 8.0, mpya ni MariaDB, ndugu yake MySQL, ya toleo la nyuma. Dampu ikagoma kwa kosa 1273: seva mpya haiijui utf8mb4_0900_ai_ci, kanuni ya kulinganisha maneno ya MySQL 8.0. Kijana akafanya wafanyavyo wote, akabadilisha faili zima kuwa utf8mb4_general_ci. Hapo simlaumu, hata mimi hufanya hivyo, ingawa sijawahi kulipenda. Kwa sababu hukubadilisha jina tu, umebadilisha kanuni ya kulinganisha maneno. Ile ya 0900 inaihesabu spesi ya mwishoni; general_ci inaipuuza. Risiti "K-0417" na "K-0417 " ambayo karani aliibonyezea spesi kwa haraka, kule zilikuwa mbili. Huku ni moja. Kolamu hairuhusu marudio, seva inakataa: 1062.

Ndipo --force inapoua. Watu wanaamini inaruka ile rekodi moja yenye kasoro. Nani kawaambia? Kwa kawaida mysqldump hufunga rekodi nyingi ndani ya INSERT (amri ya kuingiza rekodi) moja. InnoDB, injini inayohifadhi majedwali, ikikataa moja, INSERT nzima inafutika, na --force inasonga mbele kwenye inayofuata. Furushi zima la malipo limekwenda kwa ajili ya spesi moja! Kosa liliandikwa kwenye skrini, ila lilipita na hakuna aliyelisoma. Mfumo unafunguka, majina yanaonekana, meneja anashukuru.

Iondoe hiyo --force. Dampu ikigoma, nenda seva ya zamani ukazitafute rekodi zinazogombana:

SELECT RTRIM(namba), COUNT(*) FROM risiti GROUP BY RTRIM(namba) HAVING COUNT(*) > 1;

Ipi ni halali kati ya hizo mbili si kazi ya fundi. Muite mhasibu aje na kitabu cha risiti. Ukishindwa kuiona inayogomba, toa dampu upya kwa --skip-extended-insert: faili litavimba na kuingia kwake kutakukera, lakini kila rekodi itakuwa na INSERT yake na kosa litakuonyesha mstari.

Kuhakiki ndiko kunakoniacha na wasiwasi. Idadi ya rekodi inayoonyeshwa na phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi kwenye kivinjari) kwa majedwali ya InnoDB mara nyingi ni makadirio, kwa hiyo piga COUNT(*), yaani hesabu rekodi zenyewe, pande zote mbili, kisha jumlisha fedha mwezi kwa mwezi. CHECKSUM TABLE, amri inayotoa namba ya kulinganishia majedwali, kati ya matoleo tofauti siitegemei. Na hata hesabu zikilingana, jina lililoharibika herufi halitajitokeza. Hapo sina dawa zaidi ya kufungua akaunti kadhaa na kuzisoma kwa macho, mhasibu akiwa pembeni. Seva ya zamani usiiguse hadi mwezi ufungwe.