Lenzi haijafa, ni mpira

Jana ameingia mwingine. Meku mmoja, mzee wa Kichagga wa Kiboriloni hapa Moshi, deki ya CD tano ndani ya mfuko wa sandarusi, na marahaba yangu bado ipo mdomoni mwake: "Fundi, lenzi imekufa. Niwekee nyingine." Wiki hii huyo ni wa nne.

Nikaichomeka. Trei ikatoka, ikajaribu kuzunguka, ikalia krr-krr, ikagota katikati ya namba 2 na 3. Lenzi yenyewe ilikuwa haijafikiwa na CD hata moja!

Jamani, deki ya CD tano ni deki ya CD moja iliyopewa mchukuzi, yaani ile trei inayozunguka. Lenzi za Sony za jamii ya KSS-213 utazikuta kwenye deki nyingi za bei nafuu, za CD moja na za CD nyingi. Kwa hiyo hata ule ubishi kwamba ya CD moja "ina sauti safi" mimi umenishinda. Nilifunga zote mbili kwenye amplifaya moja, nikasawazisha sauti, nikageukia ukuta huku mke wangu akibadilisha. Nilikuwa nabahatisha tu. Na vile vistika vya PMPO, zile wati za kutia chumvi, bandua utupe.

Kinachochoka kwanza ni mchukuzi. CD ikishafika mahali pake, mota inainua kitako chote chenye lenzi hadi CD ibanwe na sumaku ya juu. Mpira, ule mkanda wa mota hiyo, ukilegea, kitako kinaishia njiani, CD inateleza badala ya kuzunguka, lenzi inatafuta na kukosa, kioo kinaandika NO DISC. Mwenye deki anasoma hayo maandishi, anahukumu lenzi. Kisha anampelekea chalii fulani anayezungusha kile kiskurubu kidogo pembeni ya lenzi "aipe nguvu". Basi hapo ndipo lenzi inakufa kweli, kwa kuunguzwa, na mpira uliolegea bado umo ndani umelegea vilevile.

Ukienda kununua ya mtumba, usisikilize wimbo mmoja ukatoa hela. Nenda na CD zako, jaza nafasi zote tano, ruka kutoka 1 hadi 5, rudi 3, rudi 1. Sikiliza trei, muziki baadaye. Halafu chukua CD ndefu, ya dakika 70 na zaidi, upige wimbo wa mwisho. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, ikianza na mizunguko kama 500 kwa dakika na kumalizia karibu 200. Ikisoma vizuri mwanzoni na kukwamakwama mwishoni, mara nyingi ni grisi ya reli ya kutelezea lenzi imekauka, na vumbi letu la Moshi la kiangazi halisaidii. Hiyo inasafishwa, punguziwa bei uondoke nayo. CD-RW usiijaribie kabisa: inaakisi mwanga kidogo mno, na deki nyingi za zamani haziioni hata zikiwa nzima. Geuza nyuma usome volti. Ya Japani ni 100, ya Marekani 120, ukutani kwako 230. Bila transfoma umenunua moshi.

Nikiri kitu. Ikigoma kusoma wakati trei na kitako viko sawa, kwa macho siwezi kuapa kama ni lenzi au mota ya kuzungushia CD. Nimewahi kubadilisha lenzi nzima, ya fedha ya mteja, kumbe mota ilikuwa imechoka. Nilirudisha hela, na siku hiyo sikula mchana. Ndiyo maana siku hizi naazima lenzi ya deki nyingine nijaribie kwanza.

Ya Meku nimebadilisha mpira, nimepaka grisi, dakika ishirini. Ikapiga kwaya zake zote tano bila kugugumia. Akahesabu noti polepole, akaniangalia.

"Sasa Fundi, kwa hela hii hata lenzi hukuniwekea?"