"Mwalimu, simu yangu utaichukua?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza baada ya salamu. Alikaa, simu ameilaza kifudifudi juu ya goti, mkono ameuweka juu yake kama mtu anayezuia kitu kisiruke.

Ni binti wa miaka 14. (Mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike.) Mwenzake alimpiga picha akiwa amesinzia darasani, mdomo wazi, akaigeuza stika na kuitupia kwenye grupu la darasa. Kufika usiku ilishazunguka madarasa mengine mawili. Aliponifungulia nione, walioandika maneno makali walikuwa watatu tu. Wapo waliotuma emoji za kucheka hadi machozi. Waliobaki walisoma wakapita. Hao waliopita kimya alikuwa amewahesabu, na idadi aliitaja bila kutazama: 31.

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha shuleni kwa miaka mingi, na lile swali la simu nimelisikia mara nyingi mno. Vijana wanatujua. Anayeonewa mtandaoni anajua kabisa mtu mzima akiambiwa atafanya nini: atachukua simu, atamfungisha akaunti, atasema "si uachane na hiyo mitandao?" Aliyeonewa ndiye anayeadhibiwa. Anatenganishwa na marafiki wawili watatu waliobaki upande wake, na ile stika inaendelea kuzunguka asikokuona. Akipiga hesabu zake anaamua kuvumilia.

Mwaka 2019 UNICEF ilitoa matokeo ya maoni ya vijana zaidi ya 170,000 wa nchi 30. Mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu ya uonevu huo na ukatili. Ninawakumbusha walimu wenzangu takwimu hii ya pili kila ninaposikia "hayo yametokea nyumbani, usiku, hayatuhusu." Meseji iliandikwa usiku, sawa, lakini dawati lililo tupu asubuhi ni letu.

Kwa hiyo kabla ya mabango na hotuba za mstarini, shule iweke ahadi moja inayojulikana na kila mwanafunzi: ukileta taarifa, hunyang'anywi simu, na siku hiyo hiyo utaambiwa hatua inayofuata. Awepo mtu mahususi wa kupokea, mwenye mlango unaofungwa. Asiahidi siri ya moja kwa moja, maana akisikia mtoto anataka kujidhuru atalazimika kuwaambia wengine. Hilo lisemwe mapema, kwa upole, mtoto asije akaona amesalitiwa.

Kisha ushahidi. Mtoto akiumia hutaka kufuta kila kitu, na mimi humwomba asubiri kidogo. Tunapiga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, ndipo tunaripoti kwa wenye mtandao na kumzuia mhusika. Lakini picha ikiwa ya utupu, utaratibu ni mwingine kabisa. Mwalimu asiipige picha, asijitumie kwenye simu yake, asiwaonyeshe wenzake hata kwa nia njema. Picha ya utupu ya mtoto ni jambo la jinai, na mwalimu anayeisambaza "kama kielelezo" anamvua mtoto nguo mara ya pili. Aandike alichoambiwa, awaite mkuu wa shule na mamlaka za ulinzi wa watoto.

Kosa ninalolichukia zaidi ni lile la kuwakutanisha. Mwonevu na mwonewa wanaitwa ofisini pamoja, wanaambiwa washikane mikono, yameisha. Hayajaisha. Yule mwenye nguvu anatoka akijua nani amemsema. KiVa, mpango wa kuzuia uonevu shuleni uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku nchini Finland, hufanya kwa namna ninayoiamini: mwonewa huzungumza na walimu peke yake, waonevu nao mmoja mmoja, kisha mwalimu wa darasa huwaita wanafunzi wachache wenye kusikilizwa na wenzao na kuwaomba wamuunge mkono aliyeumizwa.

Hapo ndipo wale 31 waliopita kimya wanapoingia. Christina Salmivalli, aliyeongoza kazi ya KiVa, ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba uonevu una wahusika wengi: wasaidizi, wachochezi, watetezi, na wanaokaa pembeni. Stika isiyochekewa hufa haraka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wanaoukamua usaha wenyewe ni watazamaji. Ila kumwambia kijana "mtetee mwenzako" bila kumpa maneno ni kumtwisha mzigo mtupu. Darasani tunafanya mazoezi kwa sauti. Kwenye grupu: "Ifute hiyo." Kwa aliyeumizwa, faraghani: "Nimeona. Haikuwa sawa. Kesho tukae pamoja." Mwanzoni wanacheka kwa aibu. Tunarudia. Kipindi kimoja kwa mwaka hakitoshi hata kidogo.

Na msitafute adui wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyetafiti uonevu shuleni tangu miaka ya 1970, alisisitiza kwamba wengi wanaoonewa mtandaoni wanaonewa pia ana kwa ana. Mwalimu anayetazama nani anakaa peke yake wakati wa mapumziko, nani anashtuka simu ikitetemeka, huwa ameshaona nusu ya habari.

Yule binti nilimuuliza anachoogopa nyumbani kabla sijampigia mama yake. Akanionyesha simu kwa kidevu tu. Basi nilianza na hilo.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, akirudi nimwambie nini?"

"Mwambie simu bado ni yake, mama. Halafu muulize kama angependa mzisome hizo meseji pamoja, au umwache kwanza ale apumzike."

"Nikimuuliza akakataa?"

"Mwache. Atakuja mwenyewe."

Alikuja saa nne usiku, mama aliniambia kesho yake, akakaa ukingoni mwa kitanda na simu imeshafunguliwa.