Kompyuta "inayoboreshwa": tundu ni la nani?

Muuzaji akisema kompyuta inaboreshwa, kwa kawaida anamaanisha kwamba inafunguka na ndani yake unaweza kuongeza RAM, kubadilisha diski au kuchomeka kadi. Ni kweli, lakini mnunuzi anatakiwa aulize zaidi: umbo la tundu hilo ameliamua nani, na ni viwanda vingapi vinaruhusiwa kutengeneza kifaa cha kuingia humo?

Vifaa vya kiwango cha pamoja ni vile ambavyo vipimo vyake viko wazi kwa kila mtengenezaji. ATX, iliyotolewa na Intel mwaka 1995, inaeleza ubao mama uwe na ukubwa gani, matundu ya skrubu yakae wapi na plagi ya umeme iweje. Ndiyo maana ubao wa kampuni moja hukaa vizuri kwenye kesi ya kampuni nyingine. Kwenye mfumo wa kampuni tundu lipo vilevile, ila kifaa kinatoka kwa mwenye mfumo au kwa aliyepewa leseni.

Mvutano huu ulionekana wazi kwa IBM. PC yake ya 1981 iliundwa kwa vipuri vya kununuliwa, na muda si mrefu Compaq na wengine wakawa wanauza mashine zinazofanana nayo. Mwaka 1987 IBM ikaleta kompyuta za PS/2 zenye njia mpya ya kadi, Micro Channel. Kiufundi ilikuwa mbele: ilipitisha biti 32 za data kwa mara moja wakati ile ya zamani iliishia 16, na kadi zilipangwa kwa programu badala ya kuhamisha vijipini kwa mkono. Lakini kadi za zamani hazikuingia, na wapinzani walitakiwa kulipia leseni. Mwaka 1988 Compaq na kampuni nyingine nane wakatangaza EISA, njia yao ya kadi iliyopokea kadi za zamani. Micro Channel ikafifia. Kilichodumu kutoka PS/2 ni VGA (mfumo wa kuonyesha picha kwenye skrini) na matundu ya duara ya kibodi na mausi, kwa sababu kila kiwanda kiliyaiga.

Kwetu jambo hili linaonekana kwenye kompyuta za ofisini zilizotumika zinazotoka Ulaya. Fungua Dell OptiPlex 3020: RAM ni DDR3 ya kawaida, diski ni ya SATA (plagi ya kiwango ya diski), vyote vinapatikana duka lolote la spea. Sasa fuata waya za umeme. Zinaingia kwenye ubao kwa plagi ya pini 8, wakati ATX hutumia pini 24. Pawa saplai ikiungua, ya kawaida haichomeki. Utatafuta ya aina yake au adapta ya kugeuza pini. Mashine moja, tabia mbili. Kwa hiyo fundi mzuri hukagua kipande kimoja kimoja, hasa pawa saplai na ubao, maana hapo ndipo kampuni hupenda kuweka umbo lake.

Kampuni hazifanyi hivyo kwa uroho tu. Apple huweka kumbukumbu (RAM) jirani kabisa na prosesa za M ili data ipite haraka, na faida yake ni ya kweli. Gharama yake pia ni ya kweli: Mac Pro ya 2023 ina matundu ya kadi za PCIe (njia ya kadi ya kiwango cha pamoja), lakini RAM uliyonunua nayo ndiyo hiyo hiyo hadi mwisho. Wakati mwingine umbo la kampuni hugeuka kuwa la wote. CAMM ya Dell, umbo la kipande cha RAM cha laptopu, ilianza hivyo mwaka 2022, na kufikia Desemba 2023 JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya kumbukumbu, kilikuwa imechapisha kiwango cha CAMM2.

Framework, wanaouza laptopu tangu 2021, wako katikati. Ubao wao una umbo lao, ingawa michoro yake wameiweka wazi, na kesi ya mwaka ule wa kwanza inapokea ubao wa 2023 wenye prosesa ya AMD. Mimi ningewaamini, kwa sharti moja: kabla ya kulipa, linganisha bei ya ubao mpya na bei ya laptopu nzima ya kawaida yenye nguvu hiyo hiyo. Na hata kampuni ikifungwa kesho, RAM na SSD zake ni za kiwango. Utazichomoa na kuzitumia kwenye mashine nyingine inayokubali aina hiyo.