Jiko la Chuo Ndilo Soko la Kwanza

Chuo cha bweni chenye wanafunzi 300 hupika mara tatu kwa siku, Ramadhani kikapikia futari na daku. Wakuu wengi wa vyuo hulalamikia jiko hilo kuwa linameza fedha. Sisi tunaofundisha usimamizi wa wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu isiyouzwa wala kurithiwa, huwaambia: hapo mna soko ambalo mteja wake hakosekani.

Indonesia, ambako vyuo vya Kiislamu vya bweni huitwa pesantren, wapo waliolishika jambo hili siku nyingi. Gontor, kilichoanzishwa mwaka 1926 na ndugu watatu huko Ponorogo, Java Mashariki, kina mashine ya kukoboa mpunga, kiwanda cha mikate, kiwanda cha uchapaji na maduka. Faida hurudi chuoni, na sehemu yake huwasaidia walimu wanaoishi hapo. Al-Ittifaq, kilichoko Ciwidey, milimani kusini mwa Bandung, kimeegemea mboga. Wanafunzi hulima, huvuna, kisha huketi kuchambua: zilizonyooka na zisizo na doa hufungwa kwa ajili ya supamaketi. Fedha iko hapo kwenye kuchambua, maana supamaketi hulipia usafi na kutokosa, wala hailipii huruma.

Lakini yote hayo huanguka ikiwa mali ya chuo na mali ya shehe anayekiongoza zimo mfuko mmoja. Shehe akifariki, warithi hugawana, na sheria iko upande wao. Waasisi wa Gontor waliliona hilo mapema. Tarehe 12 Oktoba 1958 walikitoa chuo wakfu kwa umma wa Kiislamu na kukikabidhi kwa bodi ya wakfu, wakiwa hai. Kwangu mimi tendo hilo lina thamani kuliko mashine zote.

Anayetaka kuanza, aanze na kitu kimoja ambacho jiko hununua kila siku, tuseme mkate. Tanuri liwe na daftari lake, na jiko lilipe kila mkate linaouchukua, hata ule wa mgeni wa shehe. Mikate ikiliwa bure, tanuri litakufa na hakuna atakayejua limekufa kwa nini. Wanafunzi wasaidie kwa zamu, baada ya masomo. Siku mmoja wao atakapokosa darsa kwa sababu ya unga, aajiriwe mwokaji.