Je, wajua setilaiti hutambuaje mtaa wenye joto kali Kisumu?

Ukitoka Milimani adhuhuri ukaingia Nyalenda, ngozi yenyewe inakuambia umebadilisha mtaa. Setilaiti haina ngozi, tena iko kilomita 705 juu yetu. Inajuaje?

Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana kwa macho, na kadiri kinavyopata moto ndivyo miale inavyozidi. Setilaiti ya Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, na Landsat 9 ya mwaka 2021 zina vihisi vya kupokea miale hiyo, kisha kompyuta huigeuza kuwa nyuzijoto. Wingu likitanda, basi. Kinachopimwa ni wingu.

Nukta moja ya picha ya vihisi hivyo hufunika mita 100 kwa 100, eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira, kwa hiyo paa la mtu mmoja halionekani peke yake. Nukta ya Nyalenda huchanganya mabati yaliyobanana, vichochoro vya udongo mkavu na labda mwembe mmoja. Ya Milimani ina nyasi na miti mikubwa inayovuta maji ardhini na kuyatoa kwenye majani yakiwa mvuke. Kazi hiyo hula nguvu za jua ambazo zingepasha ardhi. Lami na saruji hazina maji ya kutoa.

Kituko kiko kwenye mabati. Bati jipya linalong'aa, lile usilothubutu kuligusa saa saba mchana, kwenye picha laweza kuonekana la baridi! Chuma king'aacho ni bahili wa miale ya joto, na badala yake huakisi ubaridi wa anga. Likishika kutu au likipakwa rangi, hutoa miale vizuri zaidi. Ndiyo maana mimi nikionyeshwa ramani ya joto ya mji wa mabati, swali langu la kwanza ni kama hilo lilisahihishwa.

Isitoshe, linalopimwa ni joto la paa na ardhi, si la hewa tunayovuta. Landsat nayo hupita Kisumu kabla tu ya saa tano asubuhi, hivyo joto linalotoka kwenye kuta usiku hailioni. Kwa saa hizo watafiti hutumia ECOSTRESS, chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichowekwa mwaka 2018 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho hupita kwa saa zinazobadilika, mara mchana, mara usiku wa manane.